“Lakini Fundi, Tuliweka Nyutro”

Mteja akishaniambia maneno hayo huwa najua kazi iliyo mbele yangu kabla jeki haijainuka. Wiki hii imeingia nyingine: X-Trail T31, ilizimika karibu na Hale, ikafungwa nyuma ya Fuso, ikavutwa hadi mjini kwa mwendo wa Fuso isiyo na mzigo. Kilichoizima kilikuwa pampu ya mafuta, kazi ya mchana mmoja. Ilipofika gereji, pampu ndiyo ilikuwa shida ndogo. Gia boksi ilikuwa inalia kama imemwagiwa kokoto. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, lakini CVT (otomatiki ya mkanda na puli) iliyovutwa haimo kwenye msemo huo.

Sasa naandika, ili mwingine akiuliza nimtumie hii badala ya kupandisha presha.

Najua pia imani hii, kwamba ukiweka nyutro gari yoyote inavutwa salama, imepata nguvu mpya wapi. Watalii wanaozunguka Afrika na nyumba zao za magurudumu hupita Horohoro wakitoka Mombasa, wengine hupiga kambi upande wa Kigombe na Pangani. Mara moja moja utaona gari-nyumba kubwa linavuta Jimny au Jeep, magurudumu yote manne chini, hakuna trela, hakuna dereva ndani. Vijana wa kijiweni wanatazama, wanahitimisha: “Unaona? Mzungu kaweka nyutro tu, katoka nayo huko hadi hapa.” Siku hizi hata hapa mjini wapo waliogeuza Coaster kuwa nyumba ya safari, wanataka kupanda Lushoto na familia huku RAV4 ya mama watoto ikifuata nyuma. Wazo zuri sana. Ila yule mzungu hakuweka nyutro unayoifikiria wewe.

Nyutro ya gia boksi inaachanisha injini. Basi. Haiachanishi magurudumu. Gurudumu likizunguka, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) inazunguka, propela (shafti ndefu inayotoka gia boksi kwenda difu) inazunguka, na ile shafti ya kutokea ya gia boksi inazunguka pamoja nazo, kwa kasi ileile ambayo ingezunguka kama ungekuwa unaendesha. Ukishuka mteremko na baiskeli huku umetuliza miguu, pedeli zimesimama, lakini habu ya nyuma iko kazini na inataka grisi yake.

Na otomatiki haipakwi grisi, inalishwa oili na pampu. Pampu hiyo iko mbele, nyuma ya toki konveta (kiunganishi cha oili kati ya injini na gia boksi), na kinachoizungusha ni injini. Injini imezimwa, pampu imelala. Nyuma kule bushi na gia zinazunguka kwa 80 kwa saa zikiwa na ule unyevu wa oili uliobaki tu. Otomatiki za zamani, za hadi miaka ya 1960, nyingine zilikuwa na pampu ya pili upande wa nyuma iliyozungushwa na magurudumu, ndiyo maana wazee watakuambia waliwahi kusukuma otomatiki ikawaka. Wazee hawadanganyi. Gari yako ndiyo haina hiyo pampu.

“Basi niiwashe injini niiache ikiunguruma huku inavutwa?” Pampu itafanya kazi, kweli. Lakini kama injini inawaka na gia boksi ni nzima, huyo dereva aliye ndani angeiendesha tu. Na nyuma ya gari-nyumba hakuna dereva. Hutaacha gari ikiunguruma peke yake kutoka Chalinze hadi Segera.

Turudi kwa mzungu wa kijiweni. Jimny ya zamani yenye liva ya transfa, yaani boksi la pili linalogawa nguvu mbele na nyuma, ina nyutro mbili. Moja ya gia boksi, nyingine ya transfa. Transfa inakaa kati ya gia boksi na propela zote mbili, kwa hiyo ukiitia transfa N, propela zinazunguka na kuishia hapo hapo. Gia boksi haina habari. Jeep Wrangler ni hivyo hivyo, na hapa ndipo watu hunikatalia hadi wanataka kugombana: kitabu cha Wrangler kinakuambia transfa iwe N na gia boksi ya otomatiki iwe kwenye P. Ndiyo, P. Ya manyuo, yaani ya gia za mkono, unaiacha ndani ya gia. Gari inavutwa mamia ya kilomita ikiwa “imepaki”, na haipati kitu. Landrova 110 nayo ina nyutro ya transfa, ila lazima lock ya difu ya kati iwe imefunguliwa.

Nisisitize jambo moja ambalo limeshapeleka gari mtaroni: transfa ikiwa N, P haishiki chochote. Utaweka P, utaondoa ufunguo, utashuka kwa raha zako, na gari itaondoka bila wewe. Handibreki kwanza, na jiwe chini ya tairi, ndipo ufungue kile chuma cha kuvutia.

Sasa jambo linalonikera kuliko yote. Mtu anaingia mtandaoni, anakuta orodha ya Wamarekani ya gari zinazoruhusiwa kuvutwa magurudumu chini, anaona Honda CR-V hadi ya 2014 imo, anakuja ameshika simu kama hukumu ya mahakama. Orodha ni ya kweli! CR-V ya 2012 ya Marekani ina injini ya 2.4 na otomatiki ya gia 5, na Honda wenyewe wanairuhusu kwa masharti: unawasha, unapitisha liva kwenye gia zote, unakaa D sekunde 5, unarudi N, unaacha injini iungurume dakika 3, unazima, na huvuki maili 65 kwa saa, yaani kama 100 za huku kwetu. Lakini CR-V yako haikutoka Marekani. Ilitoka bandarini Dar es Salaam baada ya kutoka Japan, na kwenye kibati cha modeli imeandikwa RM1. RM1 ni injini ya 2.0 na CVT. Sura moja, jina moja, mwaka mmoja, gia boksi tofauti kabisa. RAV4 za kizazi cha tatu ni hadithi hiyohiyo: zile za Japan za ACA31 ni CVT, za Marekani ni otomatiki ya kawaida. Ukinitajia “RAV4 ya 2007” hujaniambia kitu bado.

CVT ndiyo mbaya zaidi kwa sababu ndani mna mkanda wa chuma uliobanwa na puli mbili, na kinachoubana ni presha ya oili ya pampu ileile iliyolala. Nissan hawazunguki maneno kwenye hili: CVT isivutwe magurudumu ya mbele yakiwa chini. Ya 2WD, inayoendeshwa na magurudumu ya mbele tu, inua mbele, nyuma iache ibingirike, umemaliza. Ya 4WD, inayoendeshwa na yote manne, zote nne ziwe juu, yaani trela au brekidauni ya kitanda inayobeba gari zima.

Hapo kwenye 4WD brekidauni zetu za ndoano zinaniletea wateja kila mwezi, nizishukuru. Subaru Forester inainuliwa pua, magurudumu ya nyuma yanabingirika, mbele yamesimama. Mfumo wake umeundwa kugawa nguvu mbele na nyuma muda wote. Upande mmoja ukizunguka na mwingine umesimama, klachi ya katikati inasuguana na kuchemka hadi inakufa. Kwa Forester ni afadhali hata kuiacha kwa mwenyeji ukatafuta kitanda asubuhi.

Manyuo? Watu wanadhani manyuo ni kinga. Si lazima. Gia boksi nyingi za manyuo hazina pampu, oili inarushwa juu na gia za shafti ya chini, na shafti hiyo inazungushwa kutokea upande wa injini. Ukivuta kwenye nyutro, shafti ya juu inachapa mwendo, ya chini imelala, oili imetulia chini kabisa. Baadhi ya watengenezaji wanaruhusu, baadhi hawaruhusu. Soma kitabu chake.

Kuondoa propela ni njia halali, na kwa Land Cruiser au Prado ndiyo ninayoipenda. Ila kwa gari yenye 4WD ya kudumu ondoa zote mbili, ya mbele na ya nyuma, maana ukiacha moja bado unazungusha transfa. Piga alama ya chaki au rangi kwenye flenji kabla hujafungua boliti, ili irudi ilivyokuwa, vinginevyo utapata mtetemo ambao utanililia mwezi mzima. Na kama propela yako ni ile inayochomekwa moja kwa moja ndani ya mkia wa gia boksi, ukiichomoa oili inamwagika. Ziba.

Breki. Injini ikizimwa, busta, ile inayokusaidia kukanyaga breki, inabaki na vakyumu ya kukanyaga mara mbili tatu, kisha pedeli inakuwa jiwe, na usukani nao unakuwa mzito. Kwenye kamba, dereva wa nyuma ndiye breki ya msafara mzima, na unamweka kijana asiyejua hilo. Nyuma ya gari-nyumba hakuna hata huyo kijana. Prado inapita kilo 2,000. Teremka nayo Lushoto kwenda Mombo ukiwa na Coaster, uone breki za Coaster zitanukaje kabla hujafika bondeni. Wenzetu wanafunga kifaa kinachokanyaga pedeli ya gari ya nyuma wakati gari ya mbele inashika breki, na waya unaoikanyaga yenyewe ikiwa gari ya nyuma imechomoka. Bila hicho mimi sikufungii RAV4 nyuma ya Coaster, hata ulete hela ya mahari.

Chuma chenyewe kiwe cha umbo la A, kishikwe kwenye chesisi, si kwenye bampa. Bampa ni plastiki, bwana. Kiwe sambamba na ardhi, tofauti ya urefu mbele na nyuma isizidi sentimita 10 hivi, na chini yake minyororo miwili iliyopishana ili chuma kikikatika kisichimbe lami. Funguo iache pale usukani unapofunguka, lakini kumbuka betri itaisha usipotoa fyuzi inayohusika. Taa za nyuma lazima zifanye kazi. Na usirudi nyuma. Ukirudi rivasi hata mita chache magurudumu ya mbele yanakata kona yanavyotaka na chuma kinapinda. Umekosea njia? Shuka, fungua, geuza gari moja moja.

Kuhusu kamba ya mkonge: najua ni fahari yetu, najua babu alikata mkonge Ngomeni. Kwa kufunga mzigo, safi. Kwa kuvuta gari haina mnyumbuko, ikishtuliwa inakatika, na ikikatika sitaki uwe umesimama pembeni yake.

Haya, na mimi niseme yasiyo kwenye kitabu. Vitabu vya Toyota nyingi za otomatiki vinasema, kwa dharura, zisivutwe zaidi ya 30 kwa saa wala zaidi ya kilomita 80. Nimefungua gia boksi iliyovutwa kutoka Segera kwa mwendo uliovuka hapo mara mbili, nikakuta bushi safi. Nyingine haikufika hata Pongwe. Wala sina uhakika kila ninapomlaumu aliyevuta kwamba yeye ndiye muuaji; gia boksi nyingi zinazofika hapa zilikuwa na oili nyeusi tangu zamani na safari ile ilizimalizia tu. Hiyo 30 yenyewe, nani ataendesha 30 usiku barabara ya Segera huku basi zinamjia mgongoni? Mimi ningeogopa basi kuliko gia boksi. Ningesogeza gari hadi mahali salama, kilomita mbili tatu, halafu nisubiri kitanda.

Ukitaka nikujibu kuhusu gari yako, nitumie picha ya kibati cha modeli na picha ya liva zote, ikiwemo ya transfa kama ipo. Kama imeshavutwa, usiiwashe ukaikanyagia mafuta kusikiliza. Angalia oili ya gia boksi kwanza. Ikiwa bado safi na haina harufu ya kuungua, nipigie tuzungumze. Ukiona unga wa kung’aa kwenye kidole, ilete ikiwa juu ya kitanda.