Daktari mbele ya juri Marekani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Madai mengi ya uzembe wa kitabibu nchini Marekani hufunguliwa katika mahakama za majimbo, na yakifika kwenye usikilizwaji, mwenye kuamua kwa kawaida ni juri: raia wa kawaida 6 hadi 12, kulingana na jimbo. Kwa daktari aliyesomea Dar es Salaam au Nairobi, ambako madai ya aina hii huamuliwa na hakimu au jaji, utaratibu huo unatisha. Hofu imezaa dhana nyingi, na baadhi yake humfanya daktari ashindwe kesi ambayo angeishinda.

Dhana: Juri humwonea huruma mgonjwa, kwa hiyo daktari hana chake.

Sivyo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2007 katika jarida la sheria la Chuo Kikuu cha Michigan yalionyesha kuwa ushahidi wa uzembe ukiwa dhaifu, madaktari hushinda asilimia 80 hadi 90 ya kesi zinazoamuliwa na juri. Ushahidi ukiwa nusu kwa nusu, hushinda takriban asilimia 70. Hata ukiwa mzito dhidi yao, hushinda karibu nusu.

Huruma ipo, na wakili mzuri wa daktari hashindani nayo. Akimshambulia mama aliyefiwa na mtoto, anajichimbia kaburi. Humpa pole, kisha huwarudisha wajumbe wa juri kwenye swali la kisheria: je, daktari mwenye ujuzi wa kawaida, kwa taarifa zilizokuwapo saa ile, angefanya tofauti?

Dhana: Mgonjwa akidhurika, uzembe umethibitika.

Mdai ana mambo manne ya kuthibitisha: kwamba daktari alikuwa na wajibu kwake, kwamba huduma ilishuka chini ya kiwango cha taaluma, kwamba kushuka huko ndiko kulikoleta madhara, na kwamba madhara yenyewe yapo. Moja likikosekana, dai linaanguka. Kipimo ni mizania ya uwezekano, yaani zaidi ya asilimia 50.

Jambo la tatu ndilo lenye uzito kuliko watu wanavyodhani. Chukua saratani ya titi iliyogunduliwa miezi mitatu baadaye kuliko ilivyopaswa. Mdai anaweza kuthibitisha kabisa kwamba daktari alipaswa kuagiza vipimo mapema, na bado akashindwa, endapo bingwa wa saratani upande wa utetezi ataonyesha kuwa hatua ya ugonjwa, dawa na uwezekano wa kupona visingebadilika. Kwa hiyo bingwa huyo atafutwe mapema, wala isidhaniwe kwamba shahidi wa kiwango cha huduma atatosha kwa yote mawili. Ila tazama jimbo kwanza: Massachusetts, tangu 2008, hukubali fidia ya kupotezewa nafasi ya kupona hata kama nafasi hiyo ilikuwa chini ya asilimia 50. Texas haikubali.

Dhana: Barua ya wakili ikifika, weka faili la mgonjwa sawa.

Hakuna dhana inayoangamiza kesi kama hii. Mfumo wa kumbukumbu za kielektroniki hutunza nani alifungua faili, saa ngapi, na alibadilisha neno gani. Wakili wa mdai huomba orodha hiyo. Sentensi iliyoongezwa saa nne usiku, siku moja baada ya barua kupokelewa, itakuzwa kwenye skrini mbele ya juri. Mjumbe asiyejua kusoma kipimo cha damu anaelewa vizuri sana faili lililochezewa, na kuanzia hapo haamini hata yale ya kweli.

Barua ikifika, usiguse faili, hata kulifungua kwa udadisi tu. Mjulishe bima siku hiyohiyo, kwa sababu baadhi ya sera hulipia tu madai yaliyopokelewa na kuripotiwa ndani ya muda wake. Usimpigie mgonjwa. Usijadili na wenzako kwa ujumbe wa simu. Ujumbe huo unaweza kuitishwa mahakamani. Nyongeza halali huandikwa wakati wa matibabu, ikiwa na tarehe, saa na sababu ya kuchelewa.

Dhana: Mahojiano ya kiapo kabla ya kesi ni utaratibu tu.

Hurekodiwa, mara nyingi kwa video, na vipande vyake huchezwa mbele ya juri. Mtego wa kawaida ni maswali mepesi ya jumla: "Daktari hapaswi kamwe kumweka mgonjwa katika hatari isiyo ya lazima, sivyo?" Ukijibu ndiyo mara tano, la sita linakuhusu wewe. Jibu la kweli huwa ni kwamba inategemea hali, kisha unaeleza hali ya mgonjwa huyu. Omba kuona ukurasa kabla ya kuuzungumzia, usikisie, na ukishajibu nyamaza. Jambo moja kwa waliolelewa kwetu: kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni adabu, lakini mjumbe wa juri anaweza kuliona kama kuficha kitu.

Dhana: Bima ilipe kidogo, yaishe.

Malipo yoyote yanayofanywa kwa niaba ya daktari kutokana na dai la maandishi, hata yakiwa madogo, huripotiwa ndani ya siku 30 kwenye hifadhidata ya taifa ya watoa huduma, iliyoanza kazi mwaka 1990. Hospitali huikagua unapoomba kazi na kila baada ya miaka miwili. Soma sera yako: je, bima inahitaji idhini yako kabla ya kusuluhisha? Na ukikataa, je, kuna kifungu kinachokubebesha kiasi kitakachozidi pendekezo ulilolikataa? Vifungu hivyo viwili vijulikane kabla ya kusaini, maana dai likishafika huvibadilishi tena.

Dhana: Kila daktari huishia mbele ya juri.

Anayeajiriwa na hospitali ya serikali kuu, kama zile za maveterani, hashitakiwi yeye binafsi kwa kazi yake. Mdaiwa ni serikali ya Marekani, na jaji huamua bila juri.