Uaminifu wa utekelezaji: je, programu ilifundishwa kweli?

Programu mpya ya kusoma inaletwa Ilemela au Ukerewe mkoani Mwanza, mwaka unakwisha, na watoto wa Darasa la Pili bado hawasomi. Kabla ya kuilaumu programu, uliza kama ilifundishwa. Uaminifu wa utekelezaji ni kiwango cha kulingana kati ya kilichopangwa na kinachofanyika darasani. Haupimwi kwa kukagua andalio la somo. Andalio linaweza kuwa safi na kipindi kisifanyike.

Kwa kufuata uchambuzi wa watafiti Dane na Schneider wa mwaka 1998, hutazamwa mambo matano: kufuata hatua, kiasi cha mafunzo, ubora wa ufundishaji, mwitikio wa wanafunzi, na tofauti kati ya programu na ufundishaji wa kawaida. Kiasi ndicho chepesi kupima. Vipindi 5 kwa wiki 10 ni 50. Vikifanyika 38, hiyo ni asilimia 76. Ila kipindi cha dakika 30 kikiliwa dakika 12 na ugawaji wa vitabu, andika dakika 18.

Ubora ndio unaodanganya. Mwalimu anapita hatua zote, darasa linaitikia silabi kwa pamoja, kumbe wa nyuma wanafuata sauti bila kutazama herufi. Fomu ya ndiyo au hapana itampa alama zote. Tumia alama 0 hadi 3, kila alama ikiwa na maelezo yake, kisha mwambie mtoto mmoja mmoja kutoka safu za nyuma akusomee.

Si kila badiliko ni kosa. Kadi zimepotea, mwalimu kaandika herufi kwenye vipande vya boksi: hakuna kilichoharibika. Kafafanua neno kwa Kisukuma, mtoto bado anasoma mwenyewe: sawa. Lakini akiacha zoezi la kila mtoto kusoma kwa sababu wako 90, kiini kimekatwa. Andika na sababu, maana hapo programu nayo ina lake la kujibu.

Ziara moja iliyotangazwa huonyesha somo la wageni. Nenda walau mara tatu, mojawapo siku ya mnada, mahudhurio yanapopungua. Wachunguzi wawili wajaze fomu ileile bila kuchunguliana. Wakikubaliana vipengele 16 kati ya 20, ni asilimia 80, kiwango kinachokubalika na wengi. Wakishuka chini ya hapo, rekebisheni maelezo ya alama kwanza, ndipo mrudi darasani.