Jasho la usiku baada ya kutibiwa saratani: ni ukomo wa hedhi au ni damu?

Wanawake waliomaliza matibabu ya saratani ya matiti au ya mlango wa kizazi hutujia kliniki hapa Mwanza na malalamiko yanayofanana: jasho la usiku, uchovu usioisha, moyo kwenda mbio, usingizi kukatika, hedhi kuvurugika. Wengi wanakuwa wameshapewa jibu mtaani. Jirani amesema saratani imehamia kwenye damu, au mhudumu amesema, "Mama, huo ni umri tu." Jibu la kwanza linamtia hofu mtu ambaye huenda hana tatizo kubwa. La pili ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa sababu linaweza kumchelewesha mwenye damu iliyoanza kuharibika. Hakuna haja ya kubahatisha. Zipo dalili ambazo ukomo wa hedhi hauwezi kuzileta, na kipo kipimo cha damu kinachopatikana hospitali za wilaya ambacho hutenganisha mambo haya mawili kwa kiasi kikubwa.

Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na mabadiliko huanza miaka kadhaa kabla ya hapo. Matibabu ya saratani huyaharakisha. Saiklofosfamaidi, dawa inayotumika sana kwa saratani ya matiti, huharibu mayai kwenye ovari, kwa hiyo mwanamke wa miaka 38 anaweza kupata dalili za mwenye 50. Mionzi ya nyonga kwa saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida huzima kabisa kazi ya ovari. Vidonge vya tamoksifeni, ambavyo hupewa baadhi ya waliougua saratani ya matiti, navyo huleta joto la ghafla hata kwa ambaye hedhi yake haijakoma. Ndiyo maana mara nyingi dalili hizi zinatokana kweli na homoni.

Saratani ya damu inayosababishwa na matibabu ya awali ni nadra. Kwa waliopata dripu za saratani ya matiti, huwapata chini ya mtu mmoja kati ya mia. Lakini ipo, na ina majira yake. Saiklofosfamaidi na dawa za jamii yake huweza kuileta miaka 5 hadi 10 baadaye, mara nyingi baada ya kipindi kirefu ambacho damu inapungua taratibu. Doksorubisini, ile dripu nyekundu inayobadilisha hata rangi ya mkojo, huweza kuileta mapema zaidi, kati ya mwaka 1 na 3, na mara nyingi kwa ghafla. Waliotibiwa matiti wengi wamepata dawa zote mbili. Kwa hiyo mwaka uliotibiwa na majina ya dawa ulizopewa ni habari ambazo kila mhudumu anayekupokea anapaswa kuzisikia kutoka kwako, hata kama umeenda kwa kikohozi tu.

Tuanze na jasho. Joto la ukomo wa hedhi huanzia kifuani, likapanda shingoni na usoni, moyo ukadunda, jasho likatoka, kisha wengine wakahisi baridi. Hudumu dakika chache. Mama anajipepea kwa khanga, linapita, anaendelea na shughuli zake. Ukimpima wakati huo kwa kipimajoto, hana homa. Jasho la saratani ya damu mara nyingi huandamana na homa ya kweli, nyuzi 38 au zaidi, na uzito kupungua bila sababu. Basi nunua kipimajoto. Kila usiku unapolowa, pima, andika namba na tarehe kwenye daftari. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Kwetu huku kando ya Ziwa kuna la ziada. Mwanamke akisema anasikia homa, hupimwa malaria, na ndivyo inavyopaswa. Ila kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya kupona. Nimeona watu wakimeza mseto mara ya pili na ya tatu kwa homa ambayo haikuwa malaria tena. Homa ikirudi muda mfupi baada ya kumaliza dozi, omba damu iangaliwe kwa hadubini, na omba pia kipimo cha damu nitakachokieleza hapa chini. Kifua kikuu nacho huleta jasho la usiku na kukonda, kwa hiyo usishangae ukiombwa makohozi.

Uchovu peke yake hauamui kitu. Asiyelala kwa sababu ya joto la usiku ataamka amechoka. Tena hedhi za kipindi hiki zinaweza kuwa nzito mno, na damu ikapungua kwa sababu hiyo tu. Chukulia mama wa miaka 46 anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Zamani alibeba ndoo bila kusita, sasa anapumzika kila hatua chache na anahema. Majirani wanamshauri juisi ya rozela na vidonge vya FEFO, vile vya kuongeza damu. Kama upungufu wake umetokana na hedhi nzito, vidonge vya madini ya chuma vitamsaidia, na baada ya wiki nne hivi wingi wa damu unapaswa kuwa umepanda. Kama haukupanda ingawa anavimeza sawasawa, asiongezewe chupa nyingine. Atafutiwe sababu.

Sehemu ninayotaka uisome polepole ni hii ya kuvuja damu, kwa sababu vitabu vingi huieleza kwa ngozi nyeupe. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikipungua sana, damu huvuja chini ya ngozi na kutokeza vidoadoa vidogo kama ncha ya kalamu. Kwenye ngozi yetu havionekani vyekundu. Huwa vya zambarau iliyokolea au vyeusi, na ni rahisi kuvidhania upele wa joto au kuumwa na mbu. Vitafute kwanza kwenye vifundo vya miguu na ugoko, kisha ndani ya mashavu, kwenye paa la kinywa na kwenye nyayo, mahali ambapo rangi ya ngozi haivifichi. Chukua glasi safi ya maji, ibonyeze juu ya vidoadoa huku ukitazama kupitia kioo. Upele mwingi hufifia ukibonyezwa. Vidoadoa vya damu havifutiki. Ongeza fizi zinazotoka damu bila kuguswa, pua inayotoka damu mara kwa mara, na alama za kuvilia damu mahali ambapo hukugonga. Hayo yote ukomo wa hedhi hauyaleti.

Hedhi nzito yenyewe inaweza kutoka upande wowote. Tofauti ni kama damu inatoka ukeni tu, au inatoka na kwingine. Na aliyekaa miezi 12 bila hedhi kisha akaona damu, hata tone, aje kliniki, hasa kama anatumia tamoksifeni au aliwahi kutibiwa mlango wa kizazi. Hapo wasiwasi ni mji wa mimba na mlango wake. Kwa ambaye hedhi imepotea na bado anakutana na mwenzake, kipimo cha mimba kitangulie. Tibakemia, yaani dawa za saratani kama zile dripu, haimhakikishii mtu kwamba hatashika mimba, na tamoksifeni inaweza kumdhuru mtoto.

Kuhusu mifupa nitasema kidogo. Viungo kukakamaa asubuhi na kulegea ukitembea ni jambo la kawaida homoni zikishuka, na vidonge vya anastrozoli au letrozoli, ambavyo navyo ni vya saratani ya matiti, huzidisha hali hiyo. Maumivu ya mfupa mmoja yasiyotulia usiku ni habari nyingine. Kwa aliyewahi kuugua saratani ya matiti, yaripotiwe.

Kipimo chenyewe ni FBP, picha kamili ya damu. Watu wengi hupimwa wingi wa damu tu na kuambiwa "damu iko sawa." Hiyo haitoshi. Uliza namba tatu. Wingi wa damu kwa mwanamke asiye mjamzito unapaswa kuanzia 12. Chembe nyeupe huwa kati ya 4 na 11 hivi, na chembe sahani kati ya 150 na 450. Ukomo wa hedhi unaweza kushusha ile ya kwanza kwa njia ya hedhi nzito, na hapo chembe nyekundu huwa ndogo kuliko kawaida. Hauvurugi chembe nyeupe wala haushushi chembe sahani. Uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, ndio kitalu cha damu. Ukiharibika, mara nyingi namba mbili au zote tatu hushuka pamoja, au chembe nyeupe hupanda kupita kiasi, na chembe nyekundu aghalabu huwa kubwa.

Hata hivyo majibu mabaya si hukumu. Huku ziwani kuna kichocho cha tumbo, na bandama iliyovimba kwa kichocho hushusha chembe sahani na nyeupe pia. Maambukizi ya VVU na baadhi ya dawa zake hubadilisha namba hizi. Ndiyo maana hatua inayofuata ni damu kusomwa kwa hadubini na mtaalamu, na ikibidi kuchukuliwa uboho kwenye mfupa wa nyonga kwa ganzi. Kwa Kanda ya Ziwa, rufaa ya namna hii kwa kawaida huja hospitali ya Bugando, hapa Mwanza. Njoo na karatasi zako zote za zamani, maana namba ya leo husomeka vizuri ikiwekwa kando ya ile ya mwaka jana.

Usisubiri siku ya kliniki ukiwa na homa ya nyuzi 38, vidoadoa visivyofutika, damu ya fizi au pua isiyokoma, au kuhema ukiwa umekaa. Nenda siku hiyohiyo. Ukiwa na dalili za kuvuja damu, usikubali sindano ya takoni, na usinunue diklofenaki wala aspirini kwenye duka la dawa muhimu.

Namba zikiwa nzuri, bado una haki ya kutibiwa hilo joto. Tiba ya homoni kwa kawaida haipewi aliyeugua saratani ya matiti, lakini zipo dawa nyingine, kama venlafaksini. Mwambie daktari kama unameza tamoksifeni, kwani paroksetini na fluoksetini, ambazo ni dawa za sonona, hupunguza nguvu yake. Na FBP irudiwe kila dalili mpya inapojitokeza, kwa sababu majibu mazuri ya leo yanaeleza damu ya leo.