Jotoridi haliishi

Saa kumi na moja alfajiri, katikati ya Julai, simu inaita. Ni mteja wangu wa Uyole. "Shikamoo fundi. Samahani kwa kukuamsha. Huku usiku jotoridi linaisha kabisa, nyoka amekakamaa." Nikamwambia marahaba, kukipambazuka nakuja, ila jotoridi haliishi. Akanyamaza kidogo. Nadhani alijua nimeamka vibaya.

Huenda kweli. Mbeya ya Julai saa hiyo hata mbwa wa jirani habweki, anaogopa kufungua mdomo. Lakini neno hilo limenichosha. Kazi yangu ni mashine za kutotolesha na mabanda ya kulelea vifaranga, kuanzia Mbalizi mpaka Mafinga, na siku hizi kila mteja amelipata jotoridi mahali fulani, amelipenda, na analitumia kama joto lililovaa tai. Mmoja pale Mwanjelwa aliniuliza kama nauza "taa za jotoridi". Mwingine akaniambia banda lake "halina jotoridi". Kuna aliyenikaribisha chai akanihimiza niinywe ingali na jotoridi.

Maana tuimalize haraka. Jotoridi ni kiwango cha umoto au ubaridi wa kitu, kile ambacho kipimajoto hukisoma kwa nyuzi. Kila kitu kinalo: chai, ukuta, barafu, nyoka. Linapanda na kushuka, basi. Chai iliyopoa inalo lake, na chai inayofuka mvuke inalo lake.

Sasa neno lenyewe, maana ugomvi wangu wote umo humo. Likate vipande: joto, halafu mkia wa baridi. Waliolitunga waliunganisha joto na baridi, wakaikata baridi kichwa, ikabaki -ridi, kama chakula cha jioni kilivyokatwakatwa kikawa chajio. Kwa hiyo ndani ya jotoridi baridi imo, imekaa kitini kabisa. Ukisema jotoridi ukimaanisha joto tu, umemfukuza mwenye nusu ya nyumba.

Joto ni la kwetu, ndugu wa moto na wa kuota, kule kuota moto na kuota jua. (Kuota ndoto na kuota kwa mahindi wanafanana naye jina tu.) Baridi tuliipokea kutoka Kiarabu, na mzizi huohuo ulitupa burudi, burudisha na burudani. Burudani ilianza kwa kupoa! Unaona kabisa neno hilo limetoka mwambao, kwa watu wanaoshinda kwenye jua wakingojea upepo wa jioni. Mtu wa Makete, anayeamka na kukuta majani ya viazi yameungua kwa jalidi, asingeiita hali hiyo burudani hata kwa fimbo. Barafu, ambayo wengi hudhani ni ndugu wa baridi, ilitoka kwa Waajemi. Kwao barf ni theluji.

Na ipo baridi yabisi, ile ya magoti. Yabisi ni kukauka. Jina hilo limebeba tiba ya kale ya Wagiriki na Waarabu, iliyogawa miili, maradhi na vyakula kwa umoto na ubaridi, unyevu na ukavu. Katika hesabu ile baridi ilikuwa tabia ya kitu: chakula fulani kilihesabiwa cha baridi hata kikitoka motoni. Mawazo hayo hayajatutoka, na nitayarudia tukifika kwenye damu ya nyoka.

Wapo wanaopenda halijoto. Sina vita nao, neno lao linaeleweka na vitabuni limeenea. Ila masikio yangu hukwama nikisoma "halijoto ya barafu". Wengine husema jotoridi ya, mimi nasema la, kwa kuwa joto limetangulia mlangoni.

Kwamba joto na baridi ni mstari mmoja ukitazamwa kutoka ncha mbili, shahidi ni Celsius mwenyewe, Mswidi yule ambaye jina lake tunalitaja kila tukisoma nyuzi. Kipimo alichokitoa mwaka 1742 kilikwenda kinyume na chetu: maji yalichemka kwenye 0 na kuganda kwenye 100. Baadaye kikageuzwa. Kwa kipimo chake cha mwanzo, mteja wangu angenipigia simu kunilalamikia kwamba usiku nyuzi zinaongezeka.

Joto lenyewe ni kitu kingine. Joto ni nishati, linahama, linatoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kilichopoa. Cheche ikiruka kutoka jiko la mkaa ikakutua mkononi, jotoridi lake ni la mamia ya nyuzi, lakini joto ililobeba ni dogo mno, unapangusa unaendelea na maongezi. Ndoo ya maji ya kuoga ina jotoridi la nyuzi 40 hivi, na joto lililomo linatosha kukutoa ubaridi mwili mzima. Taa inatoa joto. Jotoridi utakalolipata hutegemea sanduku lina ukubwa gani, mbao ni nene kiasi gani, na chumba kimepoa vipi. Balbu ileile, sanduku lilelile, Kyela, kule kando ya Ziwa Nyasa, inapika, Uyole inapasha nusu.

Nilifika Uyole saa mbili kasoro. Kijana ana kibali, nilimwomba anionyeshe kabla sijafungua mfuko wa vifaa, maana nyoka ni mnyamapori na kumweka ndani bila ruhusa ni kosa. Nyoka mwenyewe ni yule wa kahawia, mwembamba, asiye na sumu, anayeingia majumbani usiku kufuata panya. Sanduku la mbao, urefu kama mita moja, kioo mbele. Juu katikati, balbu ya wati 100. Juu ya sanduku, blanketi la mtoto, limeziba matundu yote ya hewa. Ndani, karibu na bakuli la maji, panya aliyemezwa juzi amerudishwa mzima, manyoya yamelowa, na harufu yake naomba nisiieleze.

"Lakini joto lipo fundi, tazama," akanionyesha kipimajoto. Kweli, 31. Kilikuwa kimening'inizwa shubiri moja chini ya balbu. Nyoka haishi hewani. Nikaingiza mkono nikagusa sakafu pembeni alikojikunja, ilikuwa kama saruji ya kanisa asubuhi. Akachukua kile kifaa cha bastola kilichobaki tangu korona, akakielekeza sakafuni. Kikaandika herufi mbili, Lo. "Unaona? Hata chenyewe kinasema halipo."

Hapo nikamwelewa, na hasira ikaniisha. Kifaa kile kimetengenezwa kwa ajili ya paji la uso la binadamu. Kitu kikiwa chini ya nyuzi thelathini na kitu, hakijui kusoma, kinaandika tu kwamba ni chini mno. Kijana akatafsiri kuwa hakuna. Nikaweka kipimajoto changu sakafuni, tukangoja dakika kumi tukinywa chai. Kikasoma 17.

"Jotoridi ndilo hilo," nikamwambia. "Lipo. Ni 17. Halimtoshi."

Nyoka akiwa na nyuzi 17 mwilini, tumbo linafanya kazi kwa kusuasua au linasimama. Panya haozeshwi na dawa za tumboni, anaoza mwenyewe, na nyoka akiona hivyo anamtapika. Ndiyo maana nyoka huota jua baada ya kula. Lakini tiba ya kijana ingekuwa mbaya kuliko ugonjwa: alitaka nimfungie balbu ya pili ili sanduku zima lifike 31 kila kona. Alikuwa ameona mashine zangu za kutotolesha, ambamo nahangaika jotoridi liwe 37.5 kila mahali, asitofautiane ndugu na ndugu. Yai halitembei, kwa hiyo lazima joto lilifuate lilipo. Kifaranga anatembea. Bruda nzuri, yaani banda la kulelea vifaranga, ina mahali pa moto chini ya taa na mahali pa kupoa, na vifaranga ndio watakaokusomea kipimajoto: wakirundikana chini ya taa wanaona baridi, wakitawanyika kwenye kuta midomo wazi wamezidiwa. Nyoka naye anatembea. Mweke penye 31 pande zote, umemfungia Kyela bila nauli ya kurudi.

Huo ndio mfano uliomwingia. Ziwa Nyasa liko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini kama 1,700. Kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 na nusu, kwa hiyo kati ya mpunga wa Kyela na sweta za Mbeya pana tofauti ya nyuzi 8 hivi, na Tukuyu iko njiani. Nyoka huyu anataka ncha moja ya sanduku iwe 30 hadi 32, nyingine 23 hadi 25. Ni karibu tofauti ileile. Anaanza safari zake Kyela, akishiba joto anapanda Tukuyu, akizidiwa anakwenda kulala Uyole, yote ndani ya mita moja ya mbao. Wewe kazi yako ni barabara iwe wazi.

Tukahamisha chanzo cha joto ncha ya kushoto. Balbu ya mwanga nikaitoa, nyoka wa usiku hahitaji taa ya harusi kichwani, nikaweka ya kauri isiyotoa mwanga, na kuizungushia wavu, kwa sababu nyoka hujibanza kwenye kitu cha moto mpaka akaungua bila kushtuka. Sensa ya themostati, kile kifaa kinachowasha na kuzima chanzo cha joto, nikaiweka chini, kwenye pango analolala upande huo, na kipimajoto cha pili ncha ya kulia. Pango kila upande, asije akachagua kati ya kujificha na kupata joto. Blanketi nikamrudishia mtoto. Kwenye mgongo wa sanduku tukapigilia mbao ya pili. Alikuwa pia na karatasi aliyoitoa kwenye mwongozo wa Marekani, imeandikwa 90. Nikamkumbusha hizo ni nyuzi za Fahrenheit, ni 32 zetu. Asante Mungu hakuwahi kuzifikia.

Baba yake muda wote alikuwa mlangoni, kashika kikombe. Wakati nakusanya vifaa akasema, "Fundi, mnajisumbua. Huyo ana damu baridi, baridi ndiyo chakula chake."

Nikaketi tena.

Damu baridi ni ile baridi ya baridi yabisi, baridi ya tabia, imeingia darasani ikakaa kwenye dawati la jotoridi. Damu ya nyoka haina ubaridi wake. Ina jotoridi la mahali alipolala. Akiwa kwenye sakafu ya 17 ni 17, akiota jiwe la 31 inakaribia 31. Sisi tunachoma ugali ndani ili kubaki 37. Yeye hana jiko, anaota la jirani. Chatu jike wa kusini mwa Afrika, wakati wa kuatamia, hutoka shimoni akaota jua mpaka mwili ukakaribia nyuzi 40, kisha hurudi kujiviringisha kwenye mayai yake na kuyapa lile joto alilolichota. Wakati huo damu yake ni moto kuliko yako, mzee wangu, nikamwambia, tena ukiwa na afya.

"Kumbe ni inkubeta," akasema mzee.

"Inayotembea," nikasema. Akacheka, akaniongezea chai.

Juzi usiku umeme ulikatika. Kabla sijafika kitandani ujumbe ukaingia: "Fundi, umeme hakuna, jotoridi limeisha." Nikamuuliza vipimajoto vinasomaje. "Upande wa moto 26 na unashuka, upande wa pili 20."

Nikamwandikia achemshe maji, ayatie kwenye chupa mbili, azifunge kwa kitambaa na kuziweka ncha ya kushoto, nje ya pango. Baada ya nusu saa akajibu.

"Imesimama 27. Jotoridi limerudi."

Nilianza kuandika, nikafuta. Nikaandika tena: "Limepanda. Ndaga, lala salama."