Fedha za Wellcome na utafiti wa Kilifi: zinatoka wapi, na nani wa kuziuliza

Wakazi wengi wa pwani ya Kenya wanalijua jina la Wellcome kwa kuwa limeambatanishwa na jina la KEMRI, taasisi ya serikali ya Kenya ya utafiti wa tiba, katika kituo cha utafiti kilichoanzishwa Kilifi mwaka 1989, jirani na hospitali kuu ya serikali. Ukiwauliza Wellcome ni nani, baadhi watakuambia ni serikali ya Uingereza, wengine watasema ni kampuni ya dawa, na wengine ni tajiri mmoja wa Kizungu. Sisi tunaoshughulikia maadili ya utafiti tunaona kuwa mkanganyiko huu una madhara, kwa sababu mtu asiyejua fedha zimetoka wapi hawezi kujua amuulize nani zinapomfikia mlangoni.

Tajiri alikuwapo kweli. Henry Wellcome alizaliwa Wisconsin, Marekani, mwaka 1853, akahamia London, na mwaka 1880 akaanzisha kampuni ya dawa pamoja na mwenzake Silas Burroughs. Alipofariki mwaka 1936, wasia wake ulikabidhi hisa za kampuni hiyo kwa wadhamini, ambao ndio shirika la Wellcome tunalolijua leo, kwa sharti kwamba faida yake igharamie utafiti wa tiba. Yeyote aliyewahi kuona nyumba ya wakfu ikipangishwa ili kodi yake iutunze msikiti ameshaelewa utaratibu huo, kwamba mali yenyewe hutunzwa na kinachotumika ni mazao yake. Wadhamini walianza kuuza hisa mwaka 1986, na kampuni ya Glaxo ilipoinunua ile ya Wellcome mwaka 1995, shirika likaacha kuwa mmiliki wake na kuzisambaza fedha katika vitega uchumi vingi. Ni kutokana na mazao hayo kwamba mwaka 2022 lilitangaza mpango wa kutumia pauni bilioni 16 katika kipindi cha miaka kumi. Serikali ya Uingereza haichangii mfuko huo, wala shirika halichangishi fedha kwa umma.

Uhuru huo una matunda, na tunda ninalolithamini kuliko yote ni sindano ya artesuneti. Kwa miongo mingi, mtoto wa Kiafrika aliyepoteza fahamu kwa malaria kali alitibiwa kwa kwinini, dawa ambayo ikipitishwa kwenye mshipa haina budi kuingizwa polepole kwa dripu, tena inaweza kushusha sukari ya damu kwa mtoto ambaye tayari yuko hatarini. Artesuneti ilikuwa imetumika China na sehemu nyingine za Asia kwa muda mrefu, lakini haukuwapo ushahidi wa kutosha kuwa ingewafaa zaidi watoto wa Afrika, na jaribio kubwa la dawa ambayo wagonjwa wake ni maskini halina faida ya kumvutia mfanyabiashara. Shirika la Wellcome ndilo lililogharamia jaribio hilo. Kati ya mwaka 2005 na 2010, watoto 5,425 waliandikishwa katika nchi tisa, wakiwamo wa Kilifi, wa Muheza na Korogwe nchini Tanzania, na wengine wa Uganda, Rwanda na Kongo. Waliopewa kwinini walikufa 297, na waliopewa artesuneti, ambao idadi yao ilikuwa karibu sawa, walikufa 230. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba watoto wenye malaria kali wapewe artesuneti, na mzazi anayempeleka mwanawe hospitalini usiku wa leo ananufaika na jibu lile bila kujua kwamba liliwahi kuwa swali.

Hata hivyo, wadhamini hawapigiwi kura na mtu yeyote wa Kilifi. Wanaoamua ni ugonjwa gani ustahili fedha na upi usubiri wako London, na kwa maoni yangu huo ndio udhaifu mkubwa wa utaratibu huu, hata pale nia inapokuwa njema kabisa. Hatua ya kuukabidhi mpango mmoja mkubwa wa ufadhili wa sayansi barani kwa taasisi za Kiafrika zenye makao Nairobi, iliyoanza mwaka 2015, ni ya kupongezwa, ingawa anayeshika mfuko bado ana kauli ya mwisho. Dawa ya muda mrefu ni serikali zetu kutenga fedha zao wenyewe za utafiti, kwa kuwa mwenye kuchangia ndiye mwenye sauti mezani.

Wakati hayo yakisubiriwa, ulinzi wa mwananchi uko katika sheria na kamati za nchini. Fedha ziwe za nani, utafiti Kenya unahitaji idhini ya kamati ya maadili pamoja na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na Tanzania una milango yake kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Pwani tunazijua hofu za mumiani, na kwa kweli hazipungui kwa kuwakemea watu. Zinapungua pale mtafiti anapoketi na mama, akamsomea fomu ya ridhaa kwa Kigiriama au Kiswahili, na damu itakayotolewa akamwonyesha kwa kijiko cha chai badala ya kumtajia mililita.

Kwa hiyo, ukifikiwa na watafiti, una haki ya kuuliza nani anagharamia, kamati gani imeidhinisha, sampuli zitahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na kama zitasafirishwa nje ya nchi. Una haki pia ya kubaki na nakala ya fomu yenye namba ya simu ya kamati ya maadili, ambayo ni tofauti na namba ya mtafiti. Ukikataa, au ukikubali kisha ukajitoa katikati, mtoto wako ataendelea kutibiwa kama kawaida, na mhudumu atakayekuambia vinginevyo anastahili kuripotiwa kwa kamati hiyo siku hiyohiyo.