Nishati Inayobaki: Hesabu ya Kujua Kabla ya Kuanza Mazoezi Ukiwa Kwenye Mlo wa Kalori Chache

Kila anayepunguza uzito anaijua hesabu ya kwanza: ukila pungufu ya unachotumia, mwili hufidia kwa kuchota kwenye akiba yake ya mafuta. Hesabu ya pili haisemwi sana, nayo ndiyo inayoamua kama mazoezi yatakujenga au yatakuangusha. Inaitwa nishati inayobaki.

Maana yake ni hii: chukua kalori ulizokula kwa siku, toa zilizotumika mazoezini, kinachosalia ndicho mwili unachokitumia kuendesha mambo yake ya ndani. Moyo, ubongo, figo, joto la mwili, kinga dhidi ya maradhi, homoni za hedhi, kukua kwa nywele na kupona kwa vidonda, vyote vinategemea salio hilo. Misuli ikiwa kazini haisubiri zamu. Inachukua chake kwanza, na viungo vingine vinagawana kilichobaki.

Tufanye hesabu yenyewe. Mwanamke ana kilo 80, na kati ya hizo 48 si mafuta, yaani ni misuli, mifupa, viungo na maji. Anakula kalori 1,200 kwa siku. Asipofanya mazoezi, kila kilo moja kati ya zile 48 inapata kalori 25. Siku anayoingia kwa hamasa, akakimbia na kuruka kamba mpaka kalori 400 zikaenda, kila kilo inabaki na chini ya 17. Angetembea kwa haraka dakika 30, angetumia kama 150 tu na kubaki na karibu 22. Watafiti wa afya ya wanamichezo huweka alama ya tahadhari kwenye kalori 30 kwa kilo. Alama hiyo ilitokana na wanawake vijana wenye uzito wa kawaida, kwa hiyo mtu mwenye akiba kubwa ya mafuta anaweza kukaa chini yake kwa muda, maana mafuta yake nayo yanachangia. Usiigeuze kuwa sheria. Angalia tu jinsi zoezi moja la kujikomoa linavyokula salio ambalo tayari lilikuwa dogo.

Salio likiwa dogo mno kwa muda mrefu, mwili unabana matumizi. Hilo lilionekana wazi katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 hadi 1945. Ancel Keys na wenzake waliwalisha wanaume 36 wenye afya takriban kalori 1,570 kwa siku kwa wiki 24, huku kila mmoja akitakiwa kutembea kilomita 35 kwa wiki. Mapigo ya moyo yalipungua, wakasikia baridi muda wote, nguvu zikawaishia, wakapata kizunguzungu, na mawazo yao yakatawaliwa na chakula. Tazama ile 1,570. Watu wengi leo hujiwekea 1,200 na kuongezea saa nzima ya jasho, kisha wanajilaumu kuwa ni wavivu wanapochoka. Si uvivu hata kidogo.

Sasa, mazoezi ya nini basi? Ukiwa kwenye mlo mdogo, kazi yake kubwa si kuchoma kalori, maana upungufu umeshaupata kwenye sahani. Kazi yake ni kulinda misuli. Mtu akipungua kwa mlo peke yake, karibu robo ya uzito unaotoka inaweza kuwa si mafuta. Mwili wenye uhaba hauoni sababu ya kutunza misuli isiyotumika. Ukiitumia, unaupa sababu. Ndiyo maana mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki yana faida kuliko kukimbia kila siku, mradi protini isikosekane kwenye mlo.

Ushauri wangu ni kutoanza vyote viwili siku moja. Katika siku za mwanzo za mlo mdogo, mwili hutumia akiba ya wanga iliyo kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo imeshikilia takriban gramu tatu za maji. Maji yakitoka, chumvi nayo inatoka, na presha inaweza kushuka. Kile kiwi cha macho kinachokupata ukiinuka ghafla mara nyingi kinatoka hapo. Upe mwili wiki mbili huku ukitembea kama kawaida yako. Baadaye ongeza dakika 10 au 15 za mwendo wa haraka, mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba.

Zoezi la nguvu linaweza kuanzia kwenye kiti kisichoyumba. Kaa ukingoni, miguu iwe sawa na mabega, egemea mbele kidogo, simama bila kujisukuma kwa mikono, kisha shuka polepole mpaka uguse kiti. Mara nane, pumzika dakika moja au mbili, rudia. Ukimaliza usiondoke hapo hapo. Simama umeshika kiti mpaka pumzi itulie. Siku nyingine sukuma ukuta kwa mikono miwili. Kunywa maji, na usifanye ukiwa hujala tangu jana.

Wapo wasiopaswa kuanza bila daktari: anayekula chini ya kalori 800 kwa siku, anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, anayemeza dawa za presha au za kukojosha, mwenye ugonjwa wa moyo au figo, mjamzito, anayenyonyesha, na aliyewahi kusumbuliwa na tatizo la kujinyima chakula. Dozi iliyokufaa ukila kawaida inaweza kuwa kubwa mno sasa. Na yeyote akipata maumivu ya kifua, kuzimia au moyo kwenda mbio bila mpangilio, aache palepale na atafute matibabu.

Dalili nyingine hazina kelele: hedhi kuruka, kuhisi baridi wenzako wakiwa sawa, usingizi kukatikakatika, hasira za karibu, maumivu ya misuli yasiyoisha kwa siku nne au tano. Ukiziona, punguza mazoezi au ongeza chakula kidogo, na hedhi ikikosekana mara kwa mara nenda ukapimwe.

Jambo moja huwapoteza wengi. Misuli iliyoanza mazoezi huvuta maji inapojirekebisha, hivyo mzani unaweza kusimama au hata kupanda wiki za kwanza. Hapo ndipo mtu hupunguza chakula zaidi, na salio lake linazidi kukonda. Acha chakula kilivyo. Hesabu badala yake ni mara ngapi umesimama kutoka kwenye kile kiti bila mikono, na uandike.