Keji bila mkanda ni bomba linalokisubiri kichwa chako

Juzi kaja mteja wa tatu mwezi huu mwenye bagi, gari dogo la wazi la kuendeshea mchangani. "Fundi, nichomelee keji, ile fremu ya mabomba juu ya viti, nawapeleka watoto ufukweni Msimbati." Nikamwuliza mikanda iko wapi. "Si ndiyo maana naweka keji?" Hapana, kaka. Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo.

Kazi ya keji ni moja tu: bagi ikipinduka, isikulalie. Haikushiki. Asiyefunga mkanda hurushwa, na cha kwanza kukutana nacho ni bomba lile lile alilolipia. Hata aliyefunga, kichwa chake huchezacheza kuliko anavyodhani. Ndiyo maana madereva wa mashindano huvaa helmeti, na bomba la karibu na kichwa huvishwa sponji ngumu. Sponji ya godoro haifai, inabonyea yote.

Tena keji ikalie chuma. Bagi nyingi za mtindo wa ile ya Kimarekani, Meyers Manx, ni bodi ya faiba juu ya sakafu ya Volkswagen Beetle iliyofupishwa. Nililetewa moja, keji imefungwa kwenye faiba kwa bolti na washa ndogo kama za dirisha. Nilitikisa upinde wa keji kwa mkono mmoja, faiba ikalia, ufa ukakimbia kutoka kwenye tundu hadi ukingoni. Mwenyewe alikuwa ameiendesha hivyo mwaka mzima. Miguu ya keji ishuke mpaka kwenye chesisi, juu ya bamba la milimita 3, na mikanda ishikwe huko huko.

Bomba la maji usiniletee. Moshi wa zinki iliyopakwa juu yake unatupa homa sisi wachomeleaji, na bomba lile halikutengenezwa kubeba gari. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka upinde mkuu wa bomba la chuma lisilo na mshono, kipenyo milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Kama Mtwara halipo, tutaagiza, utasubiri.

Kinachoninyima usingizi ni bagi za mwendo wa pole pole, za mchangani tu. Keji inaongeza uzito juu, na uzito wa juu ndio unaoivuta bagi kupinduka. Wawili niliwashauri waache keji, waendeshe taratibu. Mpaka leo sina hakika kama niliwashauri vyema.

Huyu wa Msimbati nimemwambia aje Jumamosi na watoto, wakae vitini. Mkanda wa mtu mzima humkaa mtoto shingoni. Nikishaona unavyowakaa, ndipo tuzungumze keji.